Sikuwatii Wazazi

Mwanamke yule alikuwa dobi wa hospitali kwa miaka thelathini na mmoja, na mikono yake ilikuwa imejikunjakunja kwa maji kiasi kwamba hata siku ya mapumziko ungedhani ndiyo kwanza ameitoa kwenye beseni. Kila asubuhi alikuta magunia ya shuka yakimsubiri mlangoni, yamefungwa kamba shingoni, na kila jioni aliacha mengine pale pale. Shuka haziishi. Watu wanaumwa, wanatapika, wanazaa, wanakufa, na yote hayo yanafanyika juu ya shuka. Madaktari husifiwa, wauguzi huombewa dua, lakini mimi sijawahi kumsikia mgonjwa anayeruhusiwa kwenda nyumbani akisema, nisalimieni dobi.

Jina lake la ubatizo lilikaa kwenye kitambulisho, halina kazi. Mama yake alizaa mabinti wawili tu, waliopishana miaka saba, na hakuwa mtu wa kujisumbua na majina. Wa kwanza ni kifungua mimba, wa mwisho kitinda mimba, basi akawaita hivyo hivyo, Kifungua na Kitinda, na mtaa mzima ukafuata. Kifungua aliolewa mji wa mbali, mwendo wa nusu siku kwa basi. Kitinda alifiwa na mume mapema, watoto wakakua wakatawanyika, naye akarudi kuishi kwenye nyumba ya mama, vyumba viwili na baraza. Sasa alikuwa na miaka hamsini na minane, na alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa siku, unaoisha ukilala. Ni ule ambao mtu anaamka nao.

Ndugu hawa wawili hawakuwa wamegombana. Walipigiana simu, wakaulizana hali, wakaagana kwa heshima. Lakini kila mwaka, siku zilipokaribia kumbukumbu ya kifo cha mama yao, Kifungua aliuliza swali lile lile. "Hivi mdogo wangu, kweli Mama hakusema kitu? Hakuniulizia hata mara moja?" Na Kitinda alijibu jibu lile lile. "Hakusema kitu, Dada. Alikuwa anataka dirisha lifunguliwe tu." Kifungua husema "Haya," kisha simu inakuwa na ukimya ambao hakuna anayejua kuumaliza. Miaka tisa sasa, dada mtu aliamini mama yake alikufa amemsusa.

Kwaresima ilipoingia, Kitinda aliacha sukari, kama alivyofanya miaka yote. Mwenzake wa zamu, Mama Mapacha, aliyesimamia mashine kubwa ya kupigia pasi, alimtazama akinywa chai ile kavu huku amekunja uso.

"Hiyo ni mfungo au umeambiwa una kisukari?"

"Ni mfungo."

"Mimi mwaka huu nimefunga kusengenya."

"Tangu lini?"

"Tangu leo asubuhi. Ila sogea kidogo nikuambie habari za yule mwuguzi wa wodi ya tatu, halafu ndio nifunge."

Kitinda alicheka kwa pua, maana hata kucheka kwa mdomo kulikuwa kazi. Alikuwa na Kwaresima hamsini hivi nyuma yake, na zote zilifanana: majivu kwenye paji la uso, Njia ya Msalaba kila Ijumaa na magoti yakipiga kelele, chai chungu, halafu kuungama, halafu Pasaka, halafu shuka.

Na habari ya kuungama parokiani kwao inafaa ielezwe. Mapadre walikuwa wawili. Padre Kijana alisikia vizuri, kwa hiyo foleni yake ilikuwa na watu watatu, wanne, ambao ama walikuwa watakatifu ama wageni. Padre Mzee masikio yalishamwacha mkono, kwa hiyo foleni yake ilizunguka nguzo mbili ikatokea mlangoni. Wazinzi, walevi, wanaopunja vipimo sokoni, wote walikuwa kwa Padre Mzee, wamejipanga kwa unyenyekevu wa kutia huruma. Ulimwambia yako, akasema "Ehe, ehe," akakupa Salamu Maria tatu, ukaondoka.

Kitinda naye alikuwa na orodha yake. Aliipata akiwa na miaka tisa, akiandaliwa kwa Komunyo ya kwanza. Katekista aliwapanga watoto kwenye benchi akawaimbisha dhambi hadi wakazishika: nimesema uongo, nimekasirika, nimesinzia kwenye misa, sikuwatii wazazi. Wengine walipokua walibadilisha. Kitinda hakubadilisha. Orodha ilikuwa fupi, ilikuwa na wizani, na haikumgharimu kitu. Zile Salamu Maria tatu alizisali akitembea kutoka benchi hadi mlangoni, na alipoufikia mlango alikuwa ameshamaliza.

Mwaka ule, Jumamosi ya maungamo, alipofika kanisani akitoka kazini, foleni ilikuwa ndefu kama kawaida. Aliketi benchi la mwisho, akavua viatu kidogo ili miguu ipumue. Katekista akasimama mbele akatangaza kwamba Padre Mzee amelazwa, anafanyiwa upasuaji wa macho, tumwombee, na kwamba Padre Kijana ataungamisha peke yake. Mguno ukapita kanisani. Mwanamume mmoja akakumbuka ghafla kwamba ameacha ng'ombe hajafungwa. Mwanamke mwingine akakumbuka sufuria jikoni. Nusu ya foleni ikayeyuka. Kitinda naye alitaka kuondoka. Ningependa kusema alibaki kwa uchaji, lakini nitakuwa naongopa. Alibaki kwa sababu alishakaa chini, na kusimama kulimshinda. Watu walipopungua, zamu yake ikafika kabla hajajipanga.

Akapiga magoti penye wavu wa maungamo. "Nibariki Padre, kwa kuwa nimekosa," akasema, akavuta pumzi, akamimina yote kwa mkupuo. "Nimesema uongo nimekasirika nimesinzia kwenye misa sikuwatii wazazi, kwa haya yote naomba msamaha."

Akasubiri "Ehe, ehe." Haikuja.

"Samahani, Mama," sauti ikasema upande wa pili. "Una umri gani?"

"Hamsini na nane, Padre."

"Na wazazi wako wako hai?"

Kitinda alihisi uso ukimwaka. Alikuwa ameshaungama hasira, lakini ilibidi aanze upya. "Walishatangulia, Padre. Baba zamani sana. Mama huu ni mwaka wa tisa."

"Pole. Basi hukumtii lini?"

Hakuwa anamkejeli. Hilo ndilo lililomponza Kitinda. Angekejeliwa angejua la kujibu, maana ulimi alikuwa nao. Lakini kijana yule aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua, kisha akanyamaza akasubiri. Jibu jepesi lilikuwepo: ndivyo tulivyofundishwa, Padre. Kitinda alifungua mdomo alitoe, na kilichotoka kikawa kingine.

"Alinituma nimwitie mtu," akasema. "Sikumwita."

Ilikuwa hivi. Mama aliugua miezi minane kitandani. Kitinda alimaliza likizo yake yote, kisha akawa anabadilishana zamu na Mama Mapacha. Alimgeuza mama, akamwosha, akamlisha kwa kijiko, akafua shuka za hospitali asubuhi na shuka za mama jioni. Kifungua alikuja mara mbili. Alikuja na sabuni za kunukia, akalia sana, akakaa siku mbili mbili, na zile siku uso wa mama ulichangamka kwa namna ambayo Kitinda hakuwahi kuiona katika miezi yote ile. Kisha Kifungua akapanda basi, na uso wa mama ukarudi ulivyokuwa. Kitinda aliliona hilo. Akalimeza, likamkaa kooni.

Siku tatu za mwisho ulimi wa mama ulikuwa mzito. Maneno yalitoka yamekatika mwanzo. "Fungua," alisema. Jirani aliyekuja kumjulia hali akasema, "Anataka hewa, masikini. Mfungulie dirisha." Kitinda akafungua dirisha. Mama akalitazama dirisha, akamtazama binti yake, akatikisa kichwa. "Fungua."

Mtoto aliyeitwa Kitinda maisha yake yote hawezi kukosa kulijua jina linalokwenda na lake. Alijua tangu mara ya kwanza. Akasimama, akaliendea dirisha lililokuwa wazi tayari, akalifunga, akalifungua tena, ili jirani aone. Na kwa siku tatu, kila mama alipoita, Kitinda alishika dirisha.

Siku ya pili mchana simu ililia. Alikuwa Kifungua. "Mama anaendeleaje? Nije?" Kitinda alitoka na simu hadi barazani, kwa sababu ndani mama alikuwa anaita. "Anaendelea," akasema. "Usijisumbue." Siku ya tatu mama akanyamaza.

Haya yote aliyasema kwenye wavu ule, si kwa mpangilio huu, ila yalitoka yote. 

"Watu waliniuliza msibani," akaongeza, "nikasema alikuwa anataka hewa. Nimelisema mara nyingi hadi kuna siku naliamini. Naweza kukuapia hapa kwamba nilisikia fungua."

"Ulisikia fungua?"

Nje mtu alikuwa anafagia, ufagio ukienda na kurudi.

"Nilijua, Padre," akasema. "Nilijua."

Ni neno dogo. Alilizunguka miaka tisa kwa chai isiyo na sukari, na siku alipolitamka lilimtoka kwa pumzi moja. Akaanza kulia, na alilia vibaya, kwa kamasi na kwikwi, mtu mzima na heshima zake. Padre hakumharakisha.

"Kwa nini hukulisema zamani, Mama?"

"Mimi ni dobi," Kitinda akasema akijifuta kwa ncha ya kitenge. "Shuka yenye damu unailoweka maji baridi kwanza. Ukiiwahi kwa maji ya moto, doa linaganda. Mimi nililipiga maji ya moto siku ile ile ya msiba."

"Likishaganda halitoki tena?"

"Linatoka. Linachukua muda, na shuka haiwi kama ilivyokuwa."

"Basi wewe unajua kuliko mimi," Padre akasema. Kisha akauliza, "Dada yako yu hai?"

"Yu hai."

"Ondoleo nitakupa sasa hivi. Mungu hasubiri umpigie simu dada yako kwanza. Lakini kuna kitu cha dada yako unacho wewe, na Mama yenu hawezi tena kumpa. Fikiria hilo. Malipizi yako ni Salamu Maria moja."

"Moja?" Kitinda akashangaa. Alihisi amepunjwa. Kwa dhambi za kuimba alipewa tatu.

"Moja. Ila uisali polepole."

Akaisali polepole, amekaa kwenye benchi, viatu mkononi. Alifika vizuri hadi "utuombee sisi wakosefu," na hadi "sasa," na hapo akakwama. Sala hiyo ameisali tangu hajaota meno ya ukubwani, na leo ndiyo mara ya kwanza kuyasikia maneno yanayofuata. Na saa ya kufa kwetu. Alianza upya mara nne kabla hajaweza kupita pale.

Husemwa kwamba ukiungama unatoka mwepesi. Kitinda hakutoka mwepesi. Jumatatu aliamka na magoti yale yale, akakuta magunia yale yale. Tofauti ilikuwa moja tu, na mimi naiona kubwa: sasa alijua kinachomchosha. Alikuwa akidhani ni shuka.

Siku tatu alijipiga chenga mwenyewe. Jumatatu alisema Dada atakuwa na kazi. Jumanne alisema simu haina chaji. Jumatano Mama Mapacha akamwambia, "Wewe tangu uende kuungama umekuwa kama mtu aliyebeba mzigo. Umepewa malipizi gani, mawe?" Alhamisi, saa ya mapumziko ya mchana, Kitinda alitoka nyuma kwenye kamba za kuanikia, akasimama katikati ya shuka zilizolowa, akajikaza kisabuni, akapiga.

"Shikamoo Dada."

"Marahaba, Kitinda. Leo umeniwahi. Habari za huko?"

"Umekaa?"

"Nimekaa. Kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Dada, Mama alikuita."

Kitinda akashika ncha ya shuka iliyolowa, akaendelea.

"Ile fungua ya dirisha niliyokuambia, haikuwa fungua. Ulimi ulikuwa mzito, neno likakatika. Alikuwa anasema Kifungua. Siku tatu zote. Nami nilijua tangu mara ya kwanza."

"Kwa hiyo nilipopiga simu," Kifungua akasema polepole, "nikakuuliza nije..."

"Alikuwa anakuita muda huo huo. Nilitoka nje na simu ili usisikie."

Kitinda alisikia pumzi za dada yake, nzito, kama za mtu anayepanda ngazi.

"Kwa nini?"

Alikuwa ametayarisha maneno mazuri. Hayakuonekana. "Nilikuwa nimechoka," akasema. "Miezi minane nimembeba, nimemwosha, nimemlisha. Na jina lililobaki mdomoni mwake likawa lako. Nilikuonea wivu, Dada. Hata mama anayekufa nilimnyima kwa wivu."

Simu ikakatika. Kitinda aliitazama kwanza, akidhani ni mtandao. Haikuwa mtandao.

Ijumaa hakuna simu. Jumapili, siku waliyozoea kusalimiana, hakuna simu. Kitinda alipiga mara moja, ikaita hadi ikachoka. Wiki ikapita hivyo. Kuna wakati alimkasirikia Padre Kijana: alikuwa na dada nusu, sasa hana hata huyo nusu. Lakini kitu kimoja kilimshangaza, nacho ni usingizi. Ulikuwa unamjia popote, barazani, kitini, kijiko kikiwa mkononi, usingizi mzito usio na ndoto, kama wa mtoto aliyechapwa akanyamaza.

Ndivyo alivyokuwa Jumamosi ya kuamkia Matawi, alasiri, amejilaza kwenye kiti sebuleni bado na sare ya kazi, mlango umefungwa kwa ajili ya vumbi. Akasikia kubishwa.

"Nani?" akauliza bila kufumbua macho.

"Fungua."

Ilikuwa sauti ya mama. Kabla akili haijaamka vizuri, macho yake yalikwenda dirishani, na mkono ukanyanyuka wenyewe. Kisha akaelewa. Watu huzeeka wakachukua sauti za wazazi wao, na dada yake alikuwa na miaka sitini na mitano.

Akaenda mlangoni, akafungua.

Kifungua alisimama pale na begi moja, miguu imevimba kwa safari, macho mekundu. Hakunyoosha mkono. "Sijakusamehe," akasema. "Usije ukadhani nimekuja kukusamehe. Nimekuja unionyeshe alipolala akiniita."

Kitinda akapisha. Wakaingia chumba cha ndani. Kitanda kilikuwa pale pale, na dirisha pale pale. Kifungua aliketi ukingoni mwa kitanda, akatandaza viganja vyake juu ya shuka, akakaa hivyo muda.

"Aliniitaje?" akauliza.

"Nimeshakuambia."

"Umenieleza. Sitaki kuelezwa. Niite alivyoniita."

Kitinda akasimama katikati ya chumba. Kama si aibu angekimbia. Akashusha sauti, akaifanya nzito, akaiacha ikatike mwanzoni kama ilivyokatika siku zile.

"...fungua."

Dada yake akanyanyua uso.

"Abee, Mama," akaitika.

Sauti ilimpasuka katikati, akaishika tena. "Abee, Mama. Nipo." Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni, hakuyafuta. Kitinda alitaka kumkumbatia, akaona bado hana ruhusa.

"Alikuita mara nyingi," akasema kwa sauti ndogo. "Siku tatu, Dada."

"Najua. Nataka nizisikie zote," Kifungua akasema. "Ita tena."

Kitinda akaita tena.